Tenti ya kuazima, Tiwi, na mjomba anayejua maji

Mie nimezaliwa Mombasa, nimesoma Mombasa, nimeolewa Mombasa, na hadi wiki jana nilikuwa sijawahi kulala pembeni ya bahari hata usiku mmoja. Kwenda twaenda. Idi twaenda Mama Ngina pale ukingoni mwa bahari, Jumapili watoto twawapeleka ufuo wa Pirates, wanaoga, wanakula viazi karai na muhogo wa pilipili na ndimu, jua likikaribia kuzama twakung'uta mchanga twapanda matatu twarudi. Kwa hiyo bahari ninayoijua ni ya mchana, ya watu wengi na tyubu za kukodisha, ile ya usiku siijui, na ya saa kumi alfajiri ndo kabisa. Nikiwauliza wenzangu nao ni vivyo hivyo, kulala pwani tumewaachia wageni wa hoteli.

Sasa mambo yalianzia kwenye cherehani. Mie ni fundi, niko Kisauni, nashona madera na yunifomu na mapazia, na mtu akiniletea begi lililoachana au turubai la tuktuk silikatai. Mwezi wa kumi na mbili mteja mmoja akaja na tenti, zipu ya mlango imekufa, meno yamekatika. Nikaifungua sakafuni nipate kuziona pindo zake, ikajaa chumba kizima, na binti yangu wa miaka tisa akaingia ndani akalala chali akasema mama, huku ndani kila kitu ni kijani. Hakutoka mpaka maghribi. Mwenyewe alipokuja kuichukua nikamuuliza hii mwaipeleka wapi, akanambia Tiwi, ng'ambo ya Likoni njia ya Diani, kuna uwanja wa kambi, lakini usitarajie kitu, ni miti, mfereji na choo, stima hakuna, mkahawa hakuna, hata duka liko mbali. Alivyosema usitarajie kitu mie nikasikia raha, manake penye vitu vingi ndipo hatupawezi. Nikamwambia pesa ya zipu sitaki, niazime wikendi moja. Akakubali pale pale.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa mjomba wangu, kakake mamangu. Mjomba alikuwa mvuvi, miaka zaidi ya thelathini, mshipi na dema, mpaka goti likakataa akaacha, na tangu aache amekuwa mtu wa baraza tu pale Kibokoni, kahawa asubuhi, kahawa jioni. Nilidhani ataniuliza bei, au usalama, mtu na mtoto wa kike mwalala wapi. Akaniuliza, "Itakuwa mwezi ngapi?" Nikamtajia tarehe ya simu, akatikisa kichwa. "Hiyo hainambii kitu mwanangu. Mwezi ngapi?" Ikabidi tuhesabu pamoja hadi tukapata Ijumaa ambayo ni mwezi mosi, Shaaban ndo imeandama, huo mwezi wazee wanauita Mlisho. Hapo akatabasamu. "Bas, hiyo ni bamvua. Mimi n'takuja."

Kwa ambao hamjui, na mie nilikuwa sijui vizuri, bamvua ni zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji yanajaa sana na yakipwa yanapwa mpaka mwambani. Katikati yake kuna maji mafu, hayaji sana wala hayaendi sana. Na huku kwetu bamvua ina saa zake, mjomba anazijua bila kuangalia popote: maji hujaa alfajiri na alasiri, hupwa kabla ya adhuhuri na tena usiku, na kila siku yanachelewa kidogo, siku hizo za bamvua kama dakika arubaini hivi. Maji mafu ni kinyume, saa nne utayakuta yamejaa. Akanambia mtu akienda Tiwi siku za maji mafu atarudi aseme pwani nzuri, na hatakuwa amejua kuwa kuna pwani nyingine nzima iko chini ya ile aliyoiona.

Tukawa wanne: mie, binti yangu, ndugu yangu mdogo ambaye ndo mbebaji wetu, na mjomba. Mume wangu alikuwa zamu. Vitu vyenyewe havikuwa vingi. Tenti, mikeka miwili, shuka na leso, jiko la makaa dogo, sufuria mbili, mbuzi ya kukunia nazi, mchele, nazi nne, ndimu, mbaazi nilizozichemsha kabisa nyumbani, mahamri ya kununua, tochi, na mtungi wa maji ya kunywa wa lita ishirini. Huo mtungi ndugu yangu aliulalamikia kutoka Kisauni mpaka Likoni, lakini asubuhi ya pili alikuwa anausifu, manake maji ya mfereji kule ni ya kisima na yana chumvi chumvi, kwa kuoga sawa ingawa sabuni haitoi povu, kwa chai hapana.

Feri Ijumaa jioni mnaijua, kila mtu anavuka, sitaisimulia. Likoni tukapanda matatu ya Ukunda, hiyo barabara ya Lunga Lunga, kama kilomita 20 tukashuka njia panda ya Tiwi, tukachukua tuktuk kwenye njia ya vumbi, minazi huku na huku, hadi tuktuk ikasimama kwenye geti la miti ambalo halina hata bango. Giza lilikuwa lishaingia. Mlinzi wa pale ni mzee wa Kidigo, ana tochi kaifunga kichwani. Mjomba akamtolea salamu, wakashikana mikono wakaulizana mji na ukoo, kufika dakika ya tano nishajua hatutakuwa wageni hapa. Bei ni shilingi 500 kwa kichwa, mtoto nusu. Mzee akatwambia, "Hapa hakuna kitu wanangu, lakini mtalala." Mbali na sisi kulikuwa na vijana wawili na baiskeli zao, wametoka Nairobi, na upande wa pili kiwanja chote kitupu.

Sasa hapo ndo nikaanza kujifunza. Maji yalikuwa yamejaa alasiri na sasa yanapwa, na kwa mwanga wa tochi mchanga ulionekana mpana, mweupe, mgumu, unakuita. Ndugu yangu akashusha mzigo karibu kabisa na maji, akasema hapa hapa, tulale tukisikia mawimbi. Mjomba hakumjibu. Akapiga goti lile zima, akaomba tochi, akaanza kupapasa mwani uliotupwa ufukoni. Kulikuwa na mistari miwili ya mwani. Wa chini ulikuwa mbichi, unateleza, ukiubana unatoa maji. Wa juu, hatua kama kumi hivi kupanda, ulikuwa mkavu juu na ukiugeuza chini una unyevu, na ndani yake mna vijiti, vifuu, na visoli vya chupa. Akauchukua wa juu akamwekea binti yangu mkononi. "Huu mbichi ni wa leo alasiri. Huu mkavu ni wa bamvua iliyopita. Bahari ishafika hapa na itakuja tena. Sisi twalala huko juu, nyuma yake." Binti akaunusa akauliza, babu, kwani bahari inaandika? Mjomba akamwambia ndio, huandika kila siku na kufuta kila siku.

Nataka niseme jambo kuhusu huo mstari kwa sababu tangu nirudi haunitoki kichwani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya maji yakijaa na maji yakipwa ni ardhi ya umma. Ina maana pale chini ya mwani ni kwangu, kwa mjomba, kwa yule mzee, kwa kila mtoto wa nchi hii, hakuna wa kutwambia ondokeni. Lakini kufika pale ndo kazi. Huku Mombasa vichochoro vya kuteremkia pwani tulivyovijua utotoni vingine leo vina ukuta na geti, mchanga ni wako lakini njia si yako. Ndiyo maana kiwanja kama kile, cha miti na mfereji, kwangu mie ni kitu kikubwa, manake ni mlango. Mtu wa kipato cha cherehani anatoa mia tano anapita anafika kwenye kitu chake mwenyewe, analala nacho, hakuna anayemuuliza ankara.

Turudi kwenye tenti. Vigingi vyake ni vile vyembamba vya chuma, na kwenye mchanga havishiki kabisa, wazamisha, upepo ukija kidogo chachomoka kama sindano kwenye sponji. Kaskazi ilikuwa inavuma, si kali lakini haiachi. Mzee akatuangalia kidogo kisha akaenda akarudi na makumbi ya nazi, kama nane. Akachukua kamba ya tenti akaifunga katikati ya kumbi, akachimba shimo la mkono mzima hadi kiwikoni, akalilaza kumbi humo ndani kwa ubapa, likiwa limekingama kamba, akafukia na kukanyaga kwa kisigino, mara tatu, nne. Akanambia vuta. Nikavuta kwa mikono miwili, haikutikisika. Mie nafanya kazi ya kushikisha vitu siku nzima, pindo, vifungo, kamba za mapazia, na nilifurahi sana kuona ile akili, ni kama kifungo cha ndani ya mfuko, kinachoshika si ncha, kinachoshika ni upana.

Na jingine alilotufundisha, usilale chini ya mnazi. Vijana wa baiskeli walikuwa wamejiweka hapo hasa, kivuli kizuri, na mzee akawahamisha usiku huo huo. Nazi ikidondoka haipigi hodi, na kuti kavu nalo ni zito vile vile. Sisi alituweka karibu na mivinje, ina vijani vyembamba kama nyuzi, ikipigwa na upepo inatoa sauti ya mtu anayenong'ona mbali, hiyo ndo ilikuwa sauti yetu siku mbili.

Chakula cha usiku kilikuwa chai na mahamri na mbaazi, hatukutaka kupika. Tukakaa nje ya tenti kwenye mkeka. Mwezi wenyewe ulikuwa uzi tu na ushazama mapema, kwa hiyo giza lilikuwa giza hasa, la kutomwona mwenzio, na juu nyota zimejaa mpaka nikaona kama mbingu imeshuka. Mjomba akamwonyesha binti Kilimia, kile kifungu cha nyota ndogo ndogo zimeshikana, kilikuwa juu kidogo upande wa kaskazini. Akamfundisha na msemo wake, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na jina lenyewe latokana na kulima. Binti alikuwa anarudia rudia mpaka akaushika. Mie umri huu ndo siku ya kwanza kukiona, na nimekaa mji ule ule na mjomba anayekijua. Mjini taa zimetufunika.

Baadaye kukasikika kilio, kama mtoto mchanga, juu mtini. Binti akanirukia. Kumbe ni komba. Mzee akatwambia hao usiku hupanda minazi inayogemwa wakanywa tembo kwenye kibuyu, ndo maana watu husema fulani kalewa kama komba. Basi kila kilipolia binti akawa anasema pole yake.

Nililala vizuri kuliko nilivyotegemea. Kisha nikashtuka, sijui nini kiliniamsha, nadhani ni sauti kubadilika. Jana usiku mawimbi yalikuwa mbali, mvumo tu, na sasa yalikuwa hapa, nasikia moja moja, linakuja, linatandika, linarudi likisugua. Simu inasema saa kumi na moja kasoro. Nikafungua zipu (ile zipu yangu, imeteleza kama siagi) nikatoa kichwa. Maji yalikuwa yamejaa. Ule mchanga mpana wote wa jana haupo. Pale ndugu yangu alipotaka tulale palikuwa bahari, kina cha magoti au zaidi. Na mjomba alikuwa amesimama nje na kanzu yake, mikono nyuma, anaangalia. Nikamwendea. Wimbi moja likapanda, likapanda, likafika kwenye mwani mkavu, likauinua kidogo, likauacha pale pale. Hatua mbili mbele ya miguu yetu. Mjomba akasema, "Ndo hapo. Sasa hivi litageuka." Tukasimama kama robo saa hivi, na kweli, yakawa hayafiki tena.

Hakusema mengi mengine. Kukaadhiniwa kwenye msikiti ulio bara, kwa mbali sana, akatia udhu kwa maji ya ndoo, akatandika mkeka. Kibla huku kwetu ni kaskazini, kwa hiyo anaswali bahari iko mkono wake wa kulia, na upepo wamjia usoni. Sijawahi kumwona mjomba hivyo. Baraza la Kibokoni ninamwona kila wiki, mzee wa kahawa mwenye goti bovu, na siku ile nikaona mtu ambaye yuko mahali pake.

Asubuhi tukawasha jiko kwa vifuu na makumbi, makaa yakashika upesi. Chai ya tangawizi. Wakati nageuka kuchukua sukari tumbili akashuka kwenye mti wa mkungu akachukua mahamri matatu, akapanda nayo, akakaa juu akila taratibu akituangalia. Kwa hiyo chakula kila kitu ndani ya ndoo yenye kifuniko na jiwe juu yake, na tenti zipu ifungwe hata kama unatoka dakika moja. Na usimpe, hata akikuangalia vipi, manake mzee anasema tumbili waliozoea kupewa ndo wanaouma watoto.

Saa tatu u nusu maji yalikuwa yanakimbia, tukayafuata. Vaeni viatu, raba za zamani, si champali. Mwamba una makali na kuna wale wadudu weusi wa miba mirefu, ukimkanyaga siku yako imekwisha. Kufika saa tano kasoro bahari ilikuwa imefunguka hadi kule mawimbi yanapovunjikia, na kati yetu na huko vidimbwi vitupu, kimoja hiki kina nyasi, kingine mchanga, kingine mawe ya rangi ya zambarau, maji yametulia mpaka waona chini kama wachungulia dirishani. Kiti cha pweza chekundu, kile kiumbe cha umbo la nyota, majongoo ya bahari yamelala kama soseji, visamaki vya milia ya manjano na nyeusi. Binti alikuwa hasemi, alikuwa ananishika mkono ananivuta tu.

Mjomba na fimbo yake akawa anatembea kama hana goti. Akasimama kwenye shimo dogo, mie naona shimo tu. Akasema mnaona huu uwanja? Mbele ya shimo kulikuwa na maganda ya kaa na vikombe vya chaza, yamerundikwa, safi. Huyo ni pweza, akila hutupa takataka mlangoni. Tukainama tukangoja. Kisha nikaona jicho. Lile shimo lilikuwa na jicho, na pembeni yake ngozi ikabadilika mbele ya macho yangu kutoka kahawia kuwa madoa ya kijivu, kama kitambaa kinavyogeuka rangi ukikilowesha. Ndugu yangu akasema mjomba mtoe, tutamla. Mjomba akakataa. "Huyu bado mdogo, mwache akue. Na akiwa jike kalalia mayai ndo kabisa hagusiwi. Huyo hali, hatoki, anayapepea maji hadi yaanguliwe, kisha anakufa." Akaondoa kivuli chake juu ya shimo, tukaondoka.

Kuna mahali alisimama muda mrefu. Palikuwa na matumbawe yaliyokufa, mawe tu ya kijivu yenye mwani juu. Akatwambia mwaka wa 1998, baada ya ile mvua ya El Niño, maji ya bahari yalikuwa ya moto yasiyo kawaida, na matumbawe yakageuka meupe, yote, ukiangalia kutoka kwenye ngalawa ni kama mtu kamwaga chokaa. Mengi hayakurudi. Samaki wakapungua maeneo yale waliyokuwa wakitega. Hapa tulipo baadhi yamerudi, akatuonyesha machipukizi, kama vidole, yana ncha za buluu. Akasema haya msiyakanyage, hata na raba, zungukeni kwenye mchanga. Tukazunguka. Binti alizunguka hata palipokuwa na mawe matupu.

Mchana tulirudi na njaa. Mvuvi mmoja alikuwa anatoka na tafi na changu, tukanunua tafi sita kwake ufukoni, bado wanang'aa. Nikamkalisha binti kwenye mbuzi kwa mara ya kwanza maishani mwake, nyumbani siku hizi twasaga nazi na mashine, na akakuna nazi mbili nzima polepole, hakuacha mpaka kifuu kikawa cheusi ndani. Tui zito nikaliweka kando, tui jepesi nikapikia wali. Samaki wa makaa, chumvi, ndimu na pilipili tu. Mzee wa geti akaja na madafu, tukala sinia moja sote pamoja na wale vijana wa Nairobi ambao walikuwa wanakula mkate na maharagwe ya kopo. Mmoja wao alikuwa hajawahi kula wali wa nazi uliopikwa kwa makaa ya vifuu, akaniuliza nimetia nini. Sikutia kitu.

Usiku wa Jumamosi mzee akatuomba tusiwashe tochi kuelekea baharini bure bure. Kasa hupanda pwani hizi kutaga usiku, na mwanga humrudisha. Na vitoto vyake vikiangua, kama miezi miwili baadaye, hufuata mng'ao wa bahari, sasa taa ikiwa bara ndo inayong'aa zaidi vinapotea njia. Hatukumwona kasa. Lakini tulikaa gizani kwa makusudi, kimya, watu wanne, na sikumbuki mara ya mwisho sisi kukaa hivyo bila mtu kushika simu.

Jumapili mjomba alikuwa na ombi moja tu, apelekwe Kongo. Ule msikiti wa zamani wa mawe ya matumbawe, uko mdomoni mwa mto Mwachema, kwenye mibuyu mikubwa, upande wa Diani, na bado unaswaliwa mpaka leo. Kutoka Tiwi maji yakipwa waenda kwa miguu ufukoni kisha wauvuka mto pale unapoingia baharini. Tukaondoka mapema, siku ile kupwa kwenyewe kulikuwa karibu saa tano u nusu, tukavuka maji yakiwa chini ya magoti, binti mgongoni mwa ndugu yangu. Ndani ni pamoto kidogo tu na giza la kupumzisha macho, kuta nene, dari la mviringo. Mjomba akaswali rakaa mbili. Mie nikakaa nje chini ya mbuyu na binti. Nilimwambia mjomba kama anataka kungojea adhuhuri tungoje, akaangalia mto, akasema hapana mwanangu, turudi, maji hayana mswalie Mtume. Tuliporudi kwenye mto yalishafika mapajani. Hakuna aliyezungumza mpaka tukavuka.

Kufungasha kulichukua nusu saa. Makumbi tuliyafukua tukamrudishia mzee, majivu tukazika, takataka zetu tukazibeba ndani ya kikapu mpaka Kisauni kwa sababu pale hakuna gari la taka, kila unachoacha kinaishia baharini. Mzee akamwambia mjomba karibu tena, mjomba akamwambia safari ijayo nitakuja na mshipi.

Sasa hivi tenti iko kwenye kamba uani, nimeiosha kwa maji baridi, chumvi ikikaa hula nyuzi na zipu. Mchanga bado unatoka kwenye pindo. Majirani wawili washauliza pale ni wapi na ni salama kwa watoto, nimewaambia ndio, kuna mlinzi usiku kucha, choo ni cha shimo lakini kisafi, bafu ni ndoo na kata, mbu wapo chukueni neti. Mwenye tenti nishaongea naye, hana haraka nayo. Na jana usiku mjomba, ambaye hapigi simu ila mtu amefariki, kapiga. Kasema amehesabu, Ijumaa ya wiki ijayo ni Mlisho kumi na tano, bamvua tena, na baada ya hapo ni Ramadhani kisha masika, tusipokwenda sasa ni mpaka mvua ziishe. Halafu akauliza tenti imekauka?

Nikamwambia imekauka. Na vifuko vya mchanga vya kufukia kamba, vya gunia, upana wa kumbi, nimeshona sita, vimebaki viwili.